Frank Johnson wa Alabama: jaji ambaye hakuishia kwenye hukumu

Wengi wanaosimulia mgomo wa mabasi wa Montgomery, mji mkuu wa Alabama, ambapo watu weusi waligoma kupanda mabasi yaliyowatenga kwa rangi, humalizia kwa Rosa Parks aliyekataa kunyanyuka kitini kumpisha mweupe na kwa Martin Luther King aliyehubiri makanisani, kana kwamba wenye mji walichoka kuona mabasi yakipita matupu, wakaona haya, wakabadili mwenendo. Haikuwa hivyo. Mgomo ulianza Desemba 5, 1955 ukaendelea kwa siku 381, na uongozi wa jiji haukulegeza kamba. Kilichoumaliza ni kesi ya Browder dhidi ya Gayle, ambayo Parks mwenyewe hakuwa mmoja wa wadai wake. Wadai walikuwa wanawake wanne weusi, na mmojawao, Claudette Colvin, alikuwa amekamatwa ndani ya basi akiwa na umri wa miaka 15, miezi tisa kabla ya Parks. Juni 5, 1956 jopo la majaji watatu wa shirikisho liliamua, wawili kwa mmoja, kwamba sheria za kuwatenga abiria kwa rangi zinakiuka Marekebisho ya 14 ya Katiba ya Marekani, yanayomhakikishia kila mtu ulinzi sawa wa sheria, na Novemba mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikaikubali hukumu hiyo. Aliyeiandika alikuwa Jaji Richard Rives. Aliyemuunga mkono alikuwa kijana wa miaka 37 aliyekuwa na miezi michache tu kazini, Frank Minis Johnson.

Jaji wa tatu, Seybourn Lynne, alipinga, na hoja yake haikuwa ya kipuuzi hata kidogo. Alisema kwamba hukumu ya mwaka 1896 iliyohalalisha utengano ndani ya vyombo vya usafiri ilikuwa haijafutwa waziwazi, kwamba kesi maarufu ya Brown ya mwaka 1954, iliyoharamisha utengano wa rangi, ilihusu shule, na kwamba si kazi ya mahakama ya chini kubashiri Mahakama ya Juu itasema nini kesho. Rives na Johnson waliona kwamba msingi wa hukumu ya 1896 ulikuwa umekwisha kubomolewa, hivyo hakukuwa na sababu ya kusubiri paa lianguke. Kwa tofauti hiyo ya mtazamo, iliyo finyu kitaalamu na pana mno kwa matokeo, ndipo Johnson alipoanzia kazi iliyodumu zaidi ya miongo minne.

Makala nyingi za kumsifu zimeandikwa, nazo hupenda kunukuu maneno yake mazito. Mimi naona ukubwa wake hauko hapo. Majaji walioandika maneno mazuri kuhusu usawa ni wengi, na hukumu nyingi za maneno mazuri zimeozea kwenye makabati. Johnson alijitofautisha na wenzake baada ya hukumu kusomwa, pale mdaiwa anaporudi nyumbani na kufanya kama hajasikia kitu. Hapo ndipo alipoanza kuhesabu vyoo, kupima vyumba na kudai taarifa. Na kwa kuwa ndipo ulipokuwa ukubwa wake, ndipo pia penye hoja nzito zaidi dhidi yake.

Alizaliwa Oktoba 30, 1918 katika Winston County, eneo la vilima kaskazini mwa Alabama ambalo lina historia yake ya ukaidi. Mwaka 1861, jimbo lilipoamua kujitenga na Marekani ili kuulinda utumwa, watu wa Winston, wakulima wadogo ambao wengi wao hawakuwa na watumwa, walipinga, na mpaka leo eneo hilo hutajwa kwa utani kuwa ni jimbo huru ndani ya jimbo. Waliendelea kuwa wafuasi wa chama cha Republican katika Alabama iliyokuwa ngome ya Democrat. Johnson alirithi siasa hiyo ya wachache. Alisoma sheria katika Chuo Kikuu cha Alabama, akapigana na kujeruhiwa Ulaya katika Vita vya Pili vya Dunia, akafanya uwakili katika mji mdogo wa Jasper, kisha akaisimamia kampeni ya urais ya Eisenhower miongoni mwa maaskari wastaafu wa jimbo lake. Zawadi ya kazi hiyo ilikuwa cheo cha mwendesha mashtaka wa shirikisho mwaka 1953. Akiwa katika cheo hicho aliwashtaki ndugu wawili weupe kwa kuwashikilia wafanyakazi weusi katika hali ya utumwa, na juri la watu weupe likawatia hatiani. Huo ulikuwa mwaka 1954, karibu karne nzima baada ya utumwa kufutwa kwa maandishi.

Hatuna budi kukubali kwamba aliupata ujaji kwa njia ya kawaida kabisa ya kisiasa. Chama chake kilishinda urais, na katika Alabama wanasheria wa chama hicho walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Hapakuwa na mtu huko Washington aliyekuwa amekaa akatafuta shujaa wa haki za raia. Lakini mara tu mtu anapoapishwa kuwa jaji wa shirikisho, Katiba ya Marekani humpa vitu viwili ambavyo mwanasiasa yeyote angevionea wivu: hushika wadhifa wake maisha yote madamu mwenendo wake ni mwema, na mshahara wake hauwezi kupunguzwa akiwa kazini. Hawezi kuondolewa ila Baraza la Wawakilishi limshtaki na Seneti imtie hatiani. Gavana hana la kumfanya, wala wapiga kura. Majaji wa mahakama za jimbo la Alabama, kwa upande wao, walikuwa wakichaguliwa kwa kura na chini ya bendera ya vyama, katika jimbo ambalo raia weusi wengi walizuiwa hata kujiandikisha.

Ukitaka kuona uzito wa tofauti hiyo, mtazame mwanafunzi mwenzake wa chuoni, George Wallace. Walikuwa marafiki wakiwa vijana. Mwaka 1953 Wallace alianza kazi ya ujaji wa jimbo katika kaunti za Barbour na Bullock, na mwaka 1958 aligombea ugavana akashindwa na mtu aliyeonekana kuwa mkali zaidi katika suala la rangi. Hakuwa tayari kushindwa kwa sababu hiyo mara ya pili. Tume ya shirikisho ya haki za raia ilipotaka kuona daftari za uandikishaji wa wapiga kura mwishoni mwa mwaka huo, Wallace alizizuia na kutangaza kwamba hatazitoa. Shauri likaenda kwa Johnson, naye akaamuru zitolewe, la sivyo Wallace angeshtakiwa kwa kudharau mahakama.

Kwa simulizi ya Johnson mwenyewe, siku hizo za Januari 1959 Wallace alikwenda nyumbani kwake usiku, akakaribishwa, wakazungumza. Ombi lake lilikuwa jepesi. Alitaka kifungo kifupi, siku chache tu, za kumtosha kutoka jela akiwa amevaa taji la shahidi na kwenda nalo kwenye kampeni. Johnson alimjibu kwamba akikaidi amri hatapewa siku chache, atapewa kifungo kirefu kadiri sheria inavyoruhusu. Wallace akaondoka, akatafuta mlango wa nyuma: akayakabidhi makaratasi kwa juri za uchunguzi za kaunti, nazo zikawapa wachunguzi wa tume. Hadharani akaendelea kujigamba kwamba hakusalimu amri.

Jaji mwenye hasira angemfunga. Johnson aliandika kwamba Wallace ametii, ingawa kwa njia za kuzungukazunguka, na akamwachia huru. Ninaiona hii kuwa mojawapo ya hukumu zake za werevu zaidi, ingawa vitabu vya sheria havina sababu ya kuishughulikia. Alimnyima mtu adhabu aliyokuwa akiitamani, akaweka kwenye kumbukumbu rasmi kwamba mkaidi alikuwa ametii, na daftari zikapatikana. Wallace alipogombea tena mwaka 1962 alimwita mwongo kila mkutano, akashinda. Na hata hivyo hakuwa na uwezo wa kumgusa. Wanaume hawa wawili walitoka chuo kimoja na jimbo moja. Mmoja riziki yake ilitegemea umati, wa pili hakutegemea umati kwa lolote. Sidai kwamba katiba pekee ilimfanya Johnson kuwa alivyokuwa, kwani palikuwa na majaji wengine wa shirikisho Kusini, wenye kinga ileile, waliozilea kesi za watu weusi kwa miaka mpaka zikachoka zenyewe. Kinga humruhusu mtu kuwa jasiri, haimlazimishi.

Wala ujasiri wa Johnson haukuwa wa kukurupuka. Wanaomfanya mtakatifu husahau kwamba mwaka 1958 aliitupilia mbali kesi ya wakazi weusi wa Tuskegee. Bunge la Alabama lilikuwa limeichora upya mipaka ya mji huo, uliokuwa wa mraba, mpaka ukawa na pande 28, kwa namna ambayo takriban wapiga kura 400 weusi walijikuta nje ya mji, wakabaki wanne au watano, na hakuna mweupe hata mmoja aliyetolewa. Johnson aliona dhuluma hiyo lakini akasema mahakama haina mamlaka ya kuingilia uchoraji wa mipaka unaofanywa na bunge. Mahakama ya Juu iliitengua hukumu yake mwaka 1960 kwa kauli moja. Baadaye, kesi iliporudi mikononi mwake, aliifuta sheria hiyo bila kusitasita. Mwaka 1961, baada ya wasafiri waliokuwa wakijaribu kuvunja utengano ndani ya mabasi ya masafa kupigwa vibaya katika kituo cha mabasi kilichopakana na jengo la mahakama yake mwenyewe, alitoa amri ya kuwazuia Ku Klux Klan, kundi la siri la weupe wabaguzi, na polisi wa Montgomery waliowaachia Klan uwanja, lakini katika shauri lilelile akawawekea wasafiri nao zuio la muda. Vijana wa harakati hawakupendezwa, na ninawaelewa. Kwake yeye, mwenye haki pia alipaswa kupita mlango wa mahakama kwa utaratibu.

Tabia hiyo ya kushikilia utaratibu ndiyo iliyozaa silaha yake kubwa zaidi, nayo aliinoa kwenye kesi za uandikishaji wa wapiga kura. Makarani wa uandikishaji walikuwa wajanja. Mwombaji mweusi, hata akiwa mhadhiri wa chuo, alikataliwa kwa kosa dogo kwenye fomu, huku mweupe akisaidiwa kuijaza. Ukiwakataza hilo, wanatangaza vigezo vipya vikali kwa wote bila kubagua. Yakasikika kama masharti sawa kwa kila mtu, wakati weupe karibu wote wamekwisha kuandikishwa kwa masharti legevu. Johnson alizipitia fomu zenyewe, akaona makosa yaleyale yakikubaliwa kwa mmoja na kukataliwa kwa mwingine. Akaamuru kwamba kigezo kitakachotumika kwa mweusi kiwe kile kilichotumika kwa mweupe mwenye sifa duni kuliko wote waliokwisha kuandikishwa. Kwa maneno mengine, hakuwaruhusu wapandishe ngazi juu baada ya kuwavusha watu wao. Wazo hilo lilikuwa miongoni mwa misingi ambayo Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya mwaka 1965 ilijengwa juu yake.

Sheria hiyo ilisukumwa na matukio ya Selma, mji mwingine wa Alabama, na Selma ilipita mezani kwake. Machi 7, 1965 askari wa jimbo waliwavamia waandamanaji wapatao 600 kwenye daraja la Edmund Pettus kwa virungu na gesi ya machozi. Siku mbili baadaye Johnson aliwazuia waandamanaji wasiendelee mpaka asikilize shauri, jambo lililomweka King katika mtego mchungu wa kuchagua kati ya wafuasi wake na mahakama pekee iliyokuwa ikimsikiliza. Ushahidi ulisikilizwa kwa siku kadhaa, na filamu ya kipigo ikaonyeshwa mahakamani. Machi 17 aliruhusu maandamano ya maili 54, takriban kilomita 87, kwenye barabara kuu mpaka Montgomery, akieleza kwamba ukubwa wa haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani unapaswa kulingana na ukubwa wa dhuluma inayolalamikiwa, na kwamba dhuluma za shauri lile zilikuwa kubwa mno.

Kauli hiyo ndiyo inayonukuliwa kuliko zote alizowahi kuandika, nami nadhani ndiyo dhaifu kuliko zote kisheria. Nani atapima dhuluma kabla ya kutoa kibali cha barabara? Mahakama ikisema kwamba mwenye malalamiko makubwa ana haki ya kuchukua nafasi kubwa zaidi ya barabara, inalazimika kuyapima malalamiko yenyewe, na jaji mwingine, mwenye moyo mwingine, atayapima kwa mizani nyingine. Yafaa zaidi kuisoma sehemu ya pili ya amri ile, ambayo haipendwi na wasemaji wa majukwaani: mahali ambapo barabara ina njia mbili tu, waandamanaji wasizidi 300, mahali ilipo pana, idadi isiwe na kikomo, jimbo na shirikisho wawalinde. Gavana Wallace alidai hana uwezo wa kuwalinda, basi Rais Lyndon Johnson akakiweka kikosi cha Ulinzi wa Taifa cha Alabama chini ya amri ya shirikisho. Maandamano yakafika Machi 25. Usiku huo Viola Liuzzo, mama mweupe kutoka Detroit aliyekuwa akisafirisha waandamanaji kwa gari lake, aliuawa kwa risasi barabarani. Mahakama ya jimbo ilishindwa kumtia mtu hatiani. Desemba, mbele ya Johnson, waendesha mashtaka walitumia sheria ya zamani ya mwaka 1870 inayokataza njama dhidi ya haki za raia. Juri liliporudi likisema limekwama, akalirudisha likaendelee kutafakari, na wanaume watatu wa Klan wakapata miaka kumi kila mmoja, adhabu ya juu iliyoruhusiwa.

Kuna kesi nyingine ambazo zingetosha kumpa jaji wa kawaida jina la kudumu, nazo nitazitaja kwa kupita: amri ya mwaka 1967 iliyolazimisha shule za karibu jimbo zima kuondoa utengano kwa pamoja, hukumu ya 1966 iliyofuta sheria ya Alabama ya kuwanyima wanawake nafasi katika juri, na ya 1972 iliyoamuru kikosi cha polisi wa jimbo, ambacho katika miaka 37 hakikuwa kimeajiri askari mweusi hata mmoja, kiajiri mweusi mmoja kwa kila mweupe mmoja. Lakini anayetaka kumwelewa Johnson aende Tuscaloosa, kwenye Hospitali ya Bryce.

Bryce ilikuwa hospitali ya wagonjwa wa akili yenye wagonjwa wapatao 5,000. Mwaka 1970 mapato ya ushuru wa sigara yaliyokuwa yakiigharimia yalipopungua, jimbo liliwaachisha kazi wafanyakazi karibu mia moja. Wafanyakazi walishtaki ili kutetea ajira zao, na wakamwongeza katika kesi kijana mmoja aliyekuwa amewekwa humo, Ricky Wyatt. Johnson hakuvutiwa sana na suala la ajira. Alivutiwa na swali lililojificha nyuma yake: ikiwa serikali inamfungia mtu asiye na kosa kwa madai kwamba inamtibu, kisha haimtibu, imempokonya uhuru wake kwa haki gani? Machi 1971 aliamua kwamba mtu wa namna hiyo ana haki ya kikatiba ya kupata matibabu, akalipa jimbo muda wa kurekebisha. Jimbo halikurekebisha. Ushahidi ulionyesha kwamba chakula cha mgonjwa kiligharimu chini ya senti 50 kwa siku. Katika Partlow, taasisi dada iliyohifadhi watu wenye ulemavu wa akili, ilibainika kwamba wakazi wanne walikufa kwa uzembe; mmoja wao alimwagiwa maji ya moto kwa mpira na mkazi mwenzake.

Aprili 1972 Johnson alitoa amri yenye kiambatisho kinachosomeka kama kitabu cha fundi mjenzi. Chumba kimoja kisilaze wagonjwa zaidi ya sita. Choo kimoja kwa kila wagonjwa wanane, sinki moja kwa kila sita, bafu moja kwa kila 15. Madaktari wa akili wawili kwa kila wagonjwa 250. Maji ya moto yadhibitiwe kwa kifaa cha kupima joto, yasizidi nyuzi 110 za Farenhaiti bombani, yaani takriban 43 za Selsiasi. Wapo wasomi wa sheria waliocheka kipengele hicho, wakauliza ni wapi katika Katiba yaliandikwa masuala ya bomba la maji. Anayejua habari ya yule mkazi wa Partlow hatacheka. Kila tarakimu katika kiambatisho kile ilikuwa na mtu nyuma yake, na nyingi kati ya hizo hazikutungwa na jaji chumbani mwake: pande zote mbili zilikuwa zimekubaliana juu yake kwa msaada wa wataalamu, maana hata viongozi wa afya wa jimbo walijua wanachokisimamia hakikuwa hospitali.

Miaka minne baadaye zamu ilikuwa ya magereza. Katika gereza la Draper palikuwa na seli za adhabu ambazo wafungwa waliziita kibanda cha mbwa: futi nne kwa nane, bila kitanda, taa wala maji, na tundu sakafuni badala ya choo, ambalo maji yake yalifunguliwa na askari aliye nje. Watu sita waliwahi kusongamanishwa ndani ya seli moja. Katikati ya usikilizaji, wakili kiongozi wa upande wa jimbo alisimama na kukiri kwamba ushahidi umethibitisha ukiukaji wa Katiba. Januari 1976 Johnson alitoa orodha nyingine ya viwango, ikiwa ni pamoja na futi za mraba 60 kwa seli, na akaunda kamati ya raia ya kusimamia utekelezaji.

Hapa wapinzani wake wana haki ya kusikilizwa, na si Wallace ninayemkusudia. Jaji hakuchaguliwa na mtu. Hapangi kodi, hivyo hajui shule gani itakosa dawati ili gereza lipate bafu. Akiamuru idadi ya wauguzi, anaandaa bajeti bila kuwajibika kwa bajeti. Mahakama ya Rufani iliyo juu yake iliona hatari hiyo: ilikubali kwamba magereza yale yanavunja Katiba, lakini ikaivunja kamati aliyoiunda, ikisema amevuka mpaka wa kusimamia na kuingia katika kuendesha. Naafiki masahihisho hayo. Jaji anayeunda chombo cha kudumu cha kutawala gereza amejipa kazi ambayo hataweza kuitua.

Ila hoja hiyo ina mwisho wake, na Johnson aliuona kabla ya wengi. Alisema viongozi wa Alabama walikuwa na mazoea ya kuyasukumia majaji matatizo yasiyo na kura ndani yake. Mfungwa hapigi kura, mgonjwa wa Bryce hapigi kura. Mbunge anayetenga fedha kwa ajili yao hapati kitu. Anayesubiri mpaka jaji aamuru, kisha akamlaani jaji jukwaani, anapata vyote viwili, magereza yaliyotengenezwa na makofi ya wananchi. Kwa hiyo kusema mahakama iliingilia kazi ya bunge ni kusema nusu ya habari, kwani kazi hiyo ilikuwa imetelekezwa barabarani. Mwaka 1979 Johnson alifanya jambo ambalo naliona kuwa jibu lake bora kwa wakosoaji: alimteua gavana mpya, Fob James, kuwa mpokezi wa magereza, yaani msimamizi wake kwa niaba ya mahakama. Mzigo ukarudi kwa mtu aliyechaguliwa kuubeba, safari hii bila mlango wa kutokea.

Wasomaji wa Kenya watalitambua suala hili. Mahakama yao ya Juu, Januari 2021, katika shauri la wakazi wa kijiji cha Mitumba waliobomolewa makazi karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson, ilikubali kwamba Katiba ya 2010 inaziruhusu mahakama kutoa amri zinazosimamiwa hatua kwa hatua baada ya hukumu, wakati Mahakama ya Rufani ilikuwa imezikataa. Aina hiyo ya amri ilikomazwa kwa kiasi kikubwa katika mahakama za shirikisho za Kusini mwa Marekani, na ya Montgomery ilikuwa mstari wa mbele.

Kazi hiyo ilimgharimu. Klan walichoma msalaba uani kwake. Aprili 1967 nyumba ya mama yake ilipigwa bomu, kwa dhana kwamba ni yake, na mama huyo akanusurika bila jeraha. Kwa miaka mingi aliishi akilindwa na maafisa wa shirikisho. Rais Carter alimteua kuongoza FBI, shirika la upelelezi la shirikisho, mwaka 1977, akalazimika kujitoa kwa sababu ya afya. Mwaka 1979 alipandishwa Mahakama ya Rufani, ambako aliendelea mpaka uzeeni, akapewa Nishani ya Rais ya Uhuru mwaka 1995, akafariki Montgomery Julai 23, 1999. Kesi ya Wyatt ilikuwa bado wazi. Ilifungwa Desemba 2003, baada ya miaka 33.

Aliyeifunga ni Myron Thompson, Mmarekani mweusi aliyekulia Tuskegee, ambaye Carter alimteua mwaka 1980 kushika kiti alichokiacha Johnson. Jaji huyohuyo, Juni 2017, aliandika hukumu ya kurasa zaidi ya 300 kuhusu magereza ya Alabama, akasema huduma kwa wafungwa wenye maradhi ya akili ni duni kiasi cha kutisha. Mmoja wa wafungwa waliotoa ushahidi mbele yake alikuwa amejinyonga siku kumi baada ya kuzungumza. Desemba 2020 Wizara ya Sheria ya Marekani nayo ililishtaki jimbo kwa kushindwa kuwalinda wafungwa wa kiume dhidi ya vurugu na msongamano. Anayeona haya kuwa ni ushahidi kwamba Johnson alishindwa, aangalie kwanza mashtaka yamemlenga nani: yameelekezwa kwa jimbo la Alabama na idara yake ya magereza, ambazo tangu mwaka 1976 zilikuwa na viwango mezani na miaka arobaini ya kuvitekeleza.